Bisibisi

Muuguzi wa zahanati ya Oli aliniuliza
mtoto ana maneno mangapi.
Nikasema thelathini,
nikatazama pembeni kama muuza betri kuukuu.

Nyumbani nikahesabu kwa vidole.
Saba.
Na katika saba, manne ni ya yule bata wa njano
anayeimba ndani ya simu kwa Kiingereza cha puani.
Moja ni mlio wa chaji ikiisha.
Moja ni "haya", moja ni "bado".
La kuniita mimi, hakuna.

Mimi ni fundi simu, hapa soko la Arua.
Nusu ya vioo vilivyopasuka mjini vimepita mikononi mwangu,
na hiki kilichomlea mwanangu
nilimkabidhi mwenyewe,
mwezi ule Driciru alipopanda ndege kwenda Maskati
kufua nguo za watoto wa wengine.
Nilihitaji mikono miwili. Bata akanipa.
Sitajitetea zaidi ya hapo.

Letaru aliketi juu ya jerikani, uso umepakwa buluu,
asubuhi hadi adhana ya alasiri.
Nikimsemesha ananitazama mdomo
kama anayengoja tangazo liishe.

Ijumaa simu ikatumbukia kwenye beseni la Bi Ezaru,
kati ya mihogo aliyoiloweka.
Mtoto akalia.
Kilio kirefu kisicho na neno hata moja ndani yake.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Dakika ishirini zingetosha:
kufungua, kusugua kwa spiriti, betri nyingine.
Mimi nikaizika kwenye mchele,
dawa ambayo fundi yeyote atakuambia ni uongo.

Siku ya kwanza tulinyamaziana
kama watu wawili kwenye foleni ya benki.
Siku ya pili nikaanza kuisemesha kazi,
maana sikujua la kumwambia mtoto:
wewe nati, njoo; wewe waya, umeungua;
mwenye simu hii ni mkorofi, halipi;
iko wapi bisibisi?

Akainua kichwa.

Bi,
midomo ikagusana, ikaachana,
ikagusana tena kuhakikisha.
Bisibisi!
Akacheka, kwa kuwa neno linajirudia lenyewe,
linakwenda na kurudi kama kidole kinachokuna mgongo.
Akamwita paka bisibisi. Akaliita jua.
Akamwita Bi Ezaru, naye akaitika,
akammwagia maji viganjani,
yi, akamwambia kwa Kilugbara, yi,
na mtoto akalinywa lile neno dogo
kabla ya maji.

Nikapasua boksi la chaji,
nikachora kwa kalamu ya kuandikia bei
fimbo yenye tumbo: b.
Akailamba kwanza.
Jioni akaikuta tena kwenye kibao cha bucha,
akapiga kelele sokoni
kana kwamba kaona ndugu.

Siku ya nne niliitengeneza.
Nani angenielewa nisingeitengeneza?
Ndani ya kioo kile, pamoja na bata,
anaishi mama.

Bata yumo bado. Nampa nusu saa,
nami naketi hapo hapo nikimkatiza:
anasema nini huyu? Ni bata kweli? Mbona halowi?
Letaru hukasirika, hunijibu,
na hasira yake ina maneno.
Nayahesabu. Sijamrudia muuguzi.

Usiku ule Driciru alipopiga,
picha ikikwama na kuachia,
mtoto alisogeza mdomo hadi kioo kikaota ukungu.
Bisibisi, akasema.
Yi.
Kimya. Sauti ilikuwa ingali njiani, huko juu ya bahari.
Kisha yule aliyemwacha hana neno akauliza,
taratibu, kama anayepapasa swichi gizani:
"Amesema nini?"

Nilifungua kinywa nitafsiri.
Nikakifunga.
Muulize mwenyewe, nikamwambia.